Panya Asiyetembea

Trakboli ni kipanya kilicholala chali. Kipanya cha kawaida unakisukuma mezani, na mshale kwenye skrini unafuata mkono. Trakboli haisukumwi. Inakaa palepale ulipoiweka, na mpira ulio mgongoni mwake ndio unaobingirishwa, kwa dole gumba au kwa ncha za vidole, huku kiganja kimetulia. Maajabu yake yanaishia hapo. Lakini hilo moja linatosha kubadilisha hesabu nzima ya kazi ya kompyuta, kwa sababu kipanya kinadai meza na trakboli haidai.

Nimetumia trakboli isiyo na waya kwa mwaka mmoja na nusu sasa, Ukunda na Diani, na wikendi nikiwa nyumbani Msambweni. Kazi yangu ni kunakili sauti na kuweka manukuu kwenye video: sikiliza, simamisha, rudi nyuma sekunde tatu, bofya, andika, bofya tena. Kabla ya kununua nilisoma maoni ya watumiaji wengi wa Ulaya na Marekani. Karibu wote walikuwa wakizungumza na mtu ambaye huku kwetu sijakutana naye: ana meza pana, kiti cha kuzunguka, skrini mbili, na daktari wa mikono anayemjua kwa jina. Maoni yao si ya uongo. Ila wamekihakiki chombo kikiwa ofisini kwao, halafu sisi tunayasoma kana kwamba ni hukumu ya mwisho. Hebu tukihakiki kikiwa huku.

Meza iko wapi?

Diani inauzwa kwa picha moja: laptop juu ya meza ya mbao, dafu pembeni, bahari nyuma. Picha hiyo ipo kweli, na wapo wanaoilipia. Lakini vijana wanaofanya kazi za mtandaoni mwaka mzima hawaishi ndani ya picha. Wanaishi kwenye vyumba vya kupanga vya Ukunda, ambapo kitanda ndicho kiti na stuli ya plastiki ndiyo dawati. Umeme ukipotea, mtu anahamia kibarazani kufuata upepo, laptop ikiwa imebakisha chaji ya saa mbili. Siku ya dedilaini anaenda mkahawani, ananunua juisi moja ya ukwaju, anajibana kwenye kimeza cha ukubwa wa sinia mpaka wenyewe waanze kufagia karibu na miguu yake.

Weka kipanya kwenye maisha hayo uone. Kipanya cha siku hizi kina kamera ndogo tumboni, inayopiga picha za uso wa meza mara nyingi sana kwa sekunde na kuzilinganisha, ndipo kijue kimeenda wapi. Juu ya kioo, kamera nyingi hazioni kitu. Juu ya mkeka, inaona msuko uleule ukijirudia, na mshale unaanza kuruka kama panzi. Juu ya kitanda, shuka lenyewe linaburutwa pamoja nacho.

Trakboli za kisasa nazo zina kamera, ila kamera hiyo inatazama mpira wa chombo chenyewe. Haina haja ya kujua imekaa juu ya nini. Mkeka, godoro, paja, ukingo wa kibaraza, mkono wa sofa, kwake yote ni mamoja. Imebeba meza yake tumboni.

Shangazi yangu wa Msambweni alinitazama siku moja nimeketi mkekani, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelala kando ya goti bila kwenda popote, huku mshale ukikimbia kwenye skrini.

"Sasa panya gani huyo hatembei?"

"Mpira ndio unaotembea, shangazi."

"Haya. Na wewe je, utatembea lini? Tangu asubuhi uko hapo hapo."

Aliyasema kwa utani, lakini alikuwa ameliona jambo ambalo nitalirudia chini: chombo kinachokuondolea haja ya kusogea kinakuzoesha pia kutosogea.

Kuna atakayeuliza, kwani laptop haina pedi ya kugusa? Inayo, tena bure. Lakini pedi hiyo inakitambua kidole kwa umeme, na kidole kikilowa jasho inachanganyikiwa. Hii ni Pwani. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na chumba cha mabati kimegeuka tanuri, mshale mara unaganda, mara unarukia kona. Unafuta kidole kwenye leso, unaendelea, dakika tatu baadaye ni yaleyale. Mpira wa trakboli ni kitu cha kusukumwa tu. Uloweshe jasho, bado utabingirika. Hoja hii sijaiona kwenye maoni ya mtu yeyote wa nje, na kwangu ndiyo ya kwanza.

Mkubwa ni nani

Sifa zote amechukua panya. Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walitengeneza kile cha kwanza, cha mbao, mwaka 1964 huko California, na mwaka 1968 Engelbart akakionyesha mbele ya hadhira kubwa San Francisco. Wakakiita panya kwa sababu ya waya uliofanana na mkia. Sisi tukafuata, tukasema kipanya, na kwenye orodha nyingine za istilahi utaikuta puku. Leo waya umekwisha, mkia hakuna, jina limebaki.

Trakboli hatujaipa jina. Dukani, muuzaji asiponielewa, nilijaribu kusema "kipanya cha mpira". Akaniletea kipanya kilichovikwa raba. Kosa si lake. Mpira kwetu ni tufe na ni raba pia. Kitu kisicho na jina ni kigumu kukiuliza, na kitu kisichoulizwa hakiletwi dukani.

Lakini kwa umri, trakboli ndiyo kaka. Mwaka 1946 Ralph Benjamin, mhandisi aliyefanya kazi na jeshi la majini la Uingereza, alibuni mpira wa kubingirisha ili kufuatilia ndege kwenye rada za meli. Miaka sita baadaye, 1952, Wakanada waliokuwa wakitengeneza mfumo wa DATAR kwa ajili ya jeshi lao la majini walitumia tufe la mchezo wa boling. Mambo haya yalikuwa siri za kijeshi, ndiyo maana umaarufu ulimpita. Kipanya kilipokuja baadaye na mpira chini ya tumbo, kilikuwa trakboli iliyogeuzwa kifudifudi, wala si kinyume chake kama nilivyoanza kusema mimi.

Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha mpira umekaa wapi miaka yote hii. Simama kwenye feri ya Likoni uitazame meli ya mizigo ikiingia Kilindini. Huko juu anakokaa nahodha, rada za kisasa huongozwa kwa mpira uliopachikwa kwenye mtambo, kwa kuwa meli inapoyumba huwezi kuacha kipanya kitelezeke. Au ingia chumba cha ultrasound. Mtaalamu ana kifaa cha kupimia kwenye mkono mmoja, kiko tumboni kwa mama. Mkono wa pili uko kwenye mtambo, na katika mitambo mingi ile mikubwa, kilicho chini ya vidole vyake ni trakboli. Kwa mpira huo anaweka alama ukingo mmoja wa kichwa cha mtoto, halafu ukingo wa pili, na mashine inatoa kipimo. Kwa hiyo baadhi yetu tulipimwa na trakboli kabla hatujazaliwa.

Kwa ufupi, mahali ambapo kosa ni ghali na mkono hauna nafasi, wahandisi wameuweka mpira na hawajauondoa. Hata laptop ziliwahi kuwa nao: PowerBook za Apple za mwaka 1991 zilikuwa na mpira mdogo katikati, chini ya kibodi, maana laptop ni ya mtu asiye na meza. Baada ya miaka michache ikaja pedi, mpira ukaondoka. Kwenye ofisi za kawaida kipanya ndicho kilichoshinda: kinajifunzika kwa dakika tano na kinakuja ndani ya boksi la kompyuta. Trakboli ikarudi sokoni kwa mlango mwingine, kama chombo cha watu wenye maumivu. Hapo ndipo ilipopata bei yake ya sasa, na ile lugha yake ya kidaktari.

Gololi

Waliosoma kwenye maabara za kompyuta za shule miaka ya 2000 wanakumbuka vile vipanya vyenye mpira chini. Mpira ulikuwa mzito, umevikwa raba, na haukukaa muda. Ulichomolewa ukaenda kuwa gololi, mwalimu akabaki na vipanya visivyo na roho.

Trakboli ya dole gumba ni mchezo uleule. Gololi, au bano kama wanavyosema wasee wa Nairobi, hufyatuliwa kwa gumba. Nguvu ni ndogo, shabaha ndiyo kila kitu. Siku za mwanzo mshale unapitiliza kila mahali. Unataka kufunga dirisha, unafungua jingine. Kigumu kuliko vyote ni kukokota: kidole cha shahada kimeshikilia kitufe huku gumba likibingirisha mpira, vidole viwili vya mkono mmoja vikifanya kazi mbili tofauti. Ilinichukua wiki mbili kuacha kuufikiria mkono, na kama mwezi kurudi kwenye kasi yangu ya zamani.

Kwa anayelipwa mshahara, wiki mbili si kitu. Kwa anayelipwa kwa kila dakika ya sauti aliyoinakili, wiki mbili za kujikokota ni pesa ya kodi ya nyumba. Maoni yote niliyosoma yalisema "utazoea". Hakuna lililosema nani anakulipa wakati unazoea.

Ukishazoea, kuna raha yake, siwezi kukataa. Bega halina kazi tena. Kiwiko kinapumzika popote kilipo. Kurudi nyuma sekunde tatu kwenye sauti ni kugusa kidogo tu, na unaugusa bila kutazama. Kwa kazi ya kusikiliza na kuandika, sijaona kinachoizidi. Kwa kuchora, hapana. Rafiki yangu anayetengeneza mabango ya hoteli aliiazima siku tatu akairudisha: "Kaka, kuchora mstari wa kupinda na hiki kitu ni kama kuandika jina lako kwa kisigino." Gemu za kulenga na kufyatua nazo zina wachache wanaoziweza; mimi si mmoja wao.

Sasa hapa ndipo ngoma ilipo. Gumba letu lina kazi tayari. Kuanzia asubuhi linajibu WhatsApp, linatuma M-Pesa, linapandisha TikTok. Kwa wengi wetu simu ilikuja kabla ya kompyuta, na gumba ndilo lililojifunza intaneti. Ukichukua mkono huohuo ukaupa mpira wa kubingirisha saa nane, umeliongezea gumba shifti ya pili. Kuna ugonjwa wa kano za gumba, pale zinapopita kwenye kifundo cha mkono, unaoitwa kwa jina la Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895, zamani kabla ya simu na kabla ya trakboli. Ukikunja ngumi gumba likiwa ndani, kisha ukainamisha mkono kuelekea upande wa kidole cha mwisho, maumivu makali upande wa gumba ni dalili ya kwenda kuonwa na daktari. Trakboli ya gumba inauondoa mzigo begani na kwenye kifundo, kweli. Inampa jamaa mwingine aubebe, ambaye tayari amechoka.

Ndiyo maana, baada ya kutumia ya gumba iliyo yangu na ya vidole niliyoazima, naiona ya vidole kuwa ndiyo yetu. Mpira wake ni mkubwa, uko katikati, na unausukuma kwa vidole viwili au vitatu. Kensington Expert Mouse ndiyo inayojulikana zaidi katika jamii hiyo: mpira wake una kipenyo cha kama sentimita tano na nusu, na umezungukwa na pete unayoizungusha kupandisha na kushusha ukurasa. Unaupiga mpira kofi dogo, mshale unavuka skrini nzima. Ubaya wake ni ukubwa. Ni sahani. Kwenye mfuko wa laptop, ndani ya matatu ya kwenda Likoni, utaijua.

Chumvi, mafuta na bungua

Mpira mpya hukwama. Umekaa juu ya vitone vitatu vidogo vigumu, na ukiwa mkavu unang'ang'ania, mshale unakwenda kwa kushtukashtuka. Watumiaji wa kila pahali wanajua dawa: mafuta ya ngozi. Kuna wanaoutoa mpira wakausugua puani au kwenye paji la uso. Huku kwetu huna haja ya kufika huko. Mafuta ya nazi uliyojipaka asubuhi yanatosha, yanaufikia mpira yenyewe kupitia mkono. Usiupake kwa makusudi. Nilimwona mtu amefanya hivyo, na baada ya siku mbili ule mpira ulikuwa kitumbua kilichoanguka mchangani.

Maana mchanga upo. Ule wa Diani ni laini kama unga, na unafika mpaka usikofikiria. Juu yake kuna unga wa bungua, ule wa njano unaodondoka kutoka kwenye boriti chini ya paa la makuti. Ongeza chembe za viazi karai. Vyote hivyo vinakusanyika kwenye vile vitone vitatu na kufanya kijidonge cha kijivu. Kwenye trakboli nyingi za gumba kuna tundu chini. Unasukuma kwa penseli, mpira unachomoka, unafuta vitone kwa kitambaa, unapuliza, unarudisha. Dakika moja. Wa nje wanaandika kwamba wanafanya hivyo mara moja kwa wiki kadhaa. Mimi, miezi ya kiangazi, kila Ijumaa. Siuoni kuwa ubaya. Ni kifaa kinachokuruhusu kukifungua bila bisibisi na bila kumwita fundi, na vya namna hiyo vimebaki vichache. Angalizo moja tu: ukiwa kwenye mkahawa wa Diani, usiuache mpira mezani peke yake. Kima hawajui tofauti ya mpira wa buluu na tunda.

Adui wa kweli ni hewa ya chumvi. Inakula vile vibati vinavyogusana na betri. Hapo swali la betri linakuwa zito kuliko linavyoonekana kwenye matangazo. Logitech Ergo M575, iliyotoka 2020, inatumia betri moja ya AA, na watengenezaji wanasema inaweza kufika miezi 24. MX Ergo ya 2017 ina betri ya ndani ya kuchaji, hadi miezi minne kwa chaji moja. Mhakiki wa Berlin anaisifu ya pili kwa kuwa hununui betri. Kwangu ya kwanza ndiyo bora. Betri ya AA iko kwenye kila duka la mtaa, na siku umeme umekatika sihitaji kuchagua kati ya kuchaji simu na kuchaji kipanya. Na betri ya ndani ikifa, kifaa kizima kinahitaji fundi. Ila betri ya bei ya chini ikivuja humo ndani, pamoja na chumvi, unapata kutu ya kijani. Nikijua sitafanya kazi wiki nzima, naitoa.

Mkono wa nani?

Trakboli za gumba zinazojulikana zaidi, kuanzia M570 ya 2010 hadi hizo mbili nilizotaja, zimechongwa kwa mkono wa kulia peke yake. Mpira uko kushoto, gumba la kulia linaufikia. Mtu wa mashoto hana pa kushika. Elecom ya Japani imetengeneza za mkono wa kushoto, lakini ni chache na si za kuzipata kirahisi huku. Sisi tunatoka mahali ambapo mtoto hufundishwa kula, kupokea na kusalimia kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mashoto wetu wamezoea kujipinda. Haimaanishi kila chombo kipya kije kuwapinda tena. Kipanya cha kawaida, cha bei ya chini, kinawatendea haki zaidi kuliko trakboli ya gharama.

Kisha kuna ukubwa. Dada mmoja tunayeshirikiana naye kazi ana mkono mdogo. Kwenye ile ya gumba, dole lake linafika juu ya mpira likiwa limenyooka kabisa, na mtu hawezi kufanya kazi saa nane na dole lililonyooka. Alirudi kwenye pedi. Kifaa kikijisifu kwamba kimeumbwa kulingana na mwili wa binadamu, ni halali kuuliza: mwili wa binadamu yupi? Kwenye picha za boksi ni mkono mmoja tu siku zote, mkubwa, wa kulia, umelala juu ya meza safi.

Na bei. MX Ergo iliingia sokoni kwa karibu dola 100. M575 kwa karibu dola 40. Hapo bado mzigo haujafika Mombasa. Kipanya kisicho na waya mtaani unakipata kwa shilingi mia kadhaa. Mtu akipima hizo mbili akachagua kipanya, usimwambie hajali afya yake. Amepiga hesabu.

Risiti ni yako

Tukiambiwa kuhusu kazi za mtandaoni, tunaambiwa tunahitaji laptop, intaneti na bidii. Mwili hautajwi. Unajitaja wenyewe baadaye, saa nane za usiku, mkono ukifa ganzi umeshikilia mto. Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, inamhusu mwajiriwa. Mikataba ya kazi za mtandaoni, ile tunayoibofya bila kuisoma, inatuita wakandarasi huru. Maana yake kifundo cha mkono ni chako, maumivu ni yako, na risiti ya trakboli ni yako.

Siku ya Wafanyakazi mwaka 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja maudhui ya mitandao na mifumo ya akili mnemba walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Walichokipigania zaidi ni akili zao, kwa yale waliyolazimika kuyatazama, na ujira. Mikono haikuwa habari kuu. Lakini ni watu walewale wanaobofya. Anayenakili sauti Ukunda yuko mwisho wa foleni hiyohiyo, tena peke yake, kwenye stuli.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiimba trakboli kama dawa. Mkono hauumizwi na umbo la kipanya peke yake. Unaumizwa na saa kumi bila kunyanyuka, kwa sababu ujira wa dakika moja ya sauti ni mdogo kiasi kwamba ukinyanyuka umepoteza. Trakboli inaweza hata kuzidisha hilo: kwa vile inakaa popote na haichoshi bega, unaweza kubaki mkekani saa mbili zaidi bila kujua. Shangazi aliliona kabla yangu. Chombo kizuri ndani ya kazi mbaya kinaifanya kazi mbaya ivumilike kwa muda mrefu zaidi. Inafaa kulijua hilo kabla ya kutoa pesa.

Bado naipendekeza, kwa masharti. Kama unafanya kazi bila meza, na kazi yako ni ya kusikiliza, kuandika na kubofya, trakboli itakufaa kuliko kipanya, na miezi ya joto itakufaa kuliko pedi. Chukua ya vidole kama unaweza kuibeba. Chukua ya gumba kama tu uko tayari kulipumzisha gumba hilo na simu jioni. Mashoto, ya vidole pekee. Jaribu ya mtu kwanza, maana mkono wako haufanani na wa kwenye boksi. Anza kujifunza siku ambayo huna dedilaini. Betri ya AA. Safisha Ijumaa. Mchoraji, baki ulipo.

Na kabla ya kununua chochote, kaa chini na wenzako wawili watatu mnaofanya kazi moja, muulizane mnalipwa kiasi gani kwa dakika ya sauti, na ni nani kati yenu tayari mkono unamuuma. Sisi tulifanya hivyo mwezi uliopita. Tulikuwa watano. Wanne walinyoosha mkono, na mmoja wao aliunyoosha wa kushoto kwa kuwa wa kulia haukupanda vizuri.